Sufuria ya Bukari Juu ya Foni

Sisi wa Kalemie tukisema foni, hatusemi simu ya mfukoni. Tunasema ile redio ya kuongea mbali, yenye kipaza sauti cha kushika mkononi na waya mrefu uliofungwa juu kati ya milingoti miwili. Kwa hiyo mtu wa hapa anaongea na mtu wa Manono bila mnara wowote katikati. Vijana wanadhani foni ilishakufa. Haijafa. Mnara wa simu ukikosa mafuta kule bara, mfanyabiashara anayesubiri mahindi yake anarudi kwetu akitabasamu, kana kwamba mwezi uliopita hakutucheka.

Mimi ndiye niliyekaa mbele ya foni ya patroni mmoja wa hapa, mtu wa ukoo wa Waislamu wafanyabiashara wa ziwani, mwenye subira kwa kila kitu isipokuwa mzigo uliochelewa. Alikuwa na vituo Nyunzu, Manono na Ankoro, na changu cha Kalemie ndicho kilichoitwa kituo mama. Nikisema tukutane saa moja asubuhi, wote walikutana. Nikisema Nyunzu anyamaze, Nyunzu alinyamaza. Nilisoma hadi kumaliza sekondari, upande wa umeme, na sikupata njia ya kuendelea. Lakini hewani, mbele ya wale watatu, nilikuwa gavana.

Ili nieleweke, lazima niseme kidogo juu ya kristali. Ndani ya foni za zamani kama zetu kuna kipande chembamba cha jiwe angavu, kimefungwa ndani ya kikopo kidogo kuliko kiberiti. Umeme ukipita, jiwe hilo linatetemeka, na mtetemo wake ndio unaoamua foni itasema kwenye laini gani. Likitetemeka sawasawa, sauti inafika ilivyotoka mdomoni. Likienda mbio kidogo au likilegea kidogo, anayekupokea mbali anasikia bata, au anasikia mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Na kinacholipeleka huku na huku kuliko vyote ni joto na baridi.

Waliotengeneza foni yangu walilijua jambo hilo. Kwa hiyo walilizungushia jiwe tanuru dogo la umeme, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, lililolishikilia jiwe kwenye joto lilelile mchana na usiku. Nami nililiondoa.

Nililiondoa kwa mikono yangu, nikifurahi. Tulikuwa tumeacha jenereta na kuhamia kwenye paneli za jua, na betri ilikuwa inakufa kabla ya kazi ya jioni. Nikatazama ni nini kinachokula umeme, nikaona lile tanuru. Nikamwambia mke wangu, "Wazungu walitengeneza kitu hiki kwa ajili ya nchi zao za barafu. Hapa Kalemie, joto lote hili, tanuru ya nini?" Nikakata waya zake, nikakaza skrubu ndogo ya marekebisho hadi sauti ikanyooka. Ilikuwa kama saa nne ya asubuhi, jua zuri, hewa ya wastani. Nikapiga makofi peke yangu.

Kosa la pili nilifanya muda mfupi baadaye. Foni ilikuwa katika chumba cha nyuma cha bohari, chumba cha zamani chenye kuta nene za matofali na dirisha dogo. Mimi nilitaka biro, ofisi yangu mwenyewe. Patroni alikuwa na kontena tupu karibu na bandari, nikamwomba, akanipa. Nikalipaka rangi ya bluu, nikaweka meza na kiti chenye mto, nikaandika mlangoni "FONI" kwa herufi ambazo mtu aliyeko majini angeweza kuzisoma. Kontena la chuma wakati wa kiangazi, upepo wa ziwa unapovuma alfajiri, ni jokofu. Saa saba mchana unaweza kuoka mkate ndani yake. Mimi nilivaa koti asubuhi na singlendi mchana, na sikujiuliza jiwe langu linavaa nini.

Tangu hapo sauti za wenzangu zilianza kuwa na tabia. Nyunzu na Manono asubuhi walikuja wamepinda kidogo, halafu baada ya maneno mawili matatu wakanyooka. Ankoro hakunyooka. Kule alikuwa mama mmoja mjane, kiongozi wa kwaya ya parokia yake, na foni yake ilikaa katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Asubuhi alinifikia kama bata. Mchana alinifikia kutoka ndani ya pipa. Katikati, kwenye saa nne hivi, alikuwa mama wa kawaida mwenye sauti nzuri.

"Mama wa Ankoro," nilimwambia siku moja, "foni yako inatembea, haikai kwenye laini."

"Papa, mie niko pale pale," akajibu kibata. "Si mie, wewe njo unatembea. Asubuhi unaimba soprano, muchana unaimba besi. Kama ungekuwa katika kwaya yangu ningekutoa."

Nyunzu, kijana mcheshi wa stesheni ambaye ndevu zake nilizijua kabla hazijaota, alicheka hewani. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza.

Kila foni ya vituo vidogo, watoto wa kituo mama, ina kifungo cha kusafisha sauti. Mtu akisikia mwenzake amepinda, anakizungusha taratibu hadi sauti inyooke. Cha Ankoro kilikuwa kimevunjika tangu zamani, hakikuzunguka. Kwa hiyo kati yetu sote yeye peke yake hakuweza kujisogeza. Mimi nilijua habari ya kifungo hicho. Nilikuwa na kila kitu mkononi cha kunifanya nifikiri, na sikufikiri. Nilijiambia: wawili wako sawa na mimi, mmoja hayuko sawa, basi mbovu ni yule mmoja. Hesabu gani ingekuwa rahisi zaidi?

Mke wangu alikuwa anauza ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, karibu na mlango wa kontena, kwa hiyo alisikia mambo yote ya serikali yangu. Jioni akaniuliza, "Huyo mama wa Ankoro, anakula nini hata sauti yake inabadilika na jua?"

"Foni yake imechoka."

"Foni yake ao yako?"

"Mama, wewe jua ndagala."

"Ndagala nazijua," akasema. "Na wewe nakujua."

Basi kiangazi kikaendelea, baridi ya asubuhi ikazidi, na mambo yakaharibika. Ankoro alitoa habari ya magunia, nami nikapokea kelele. Patroni alituma watu stesheni kupokea mzigo ambao haukuwa kwenye treni. Akaja kontenani, akasimama mlangoni kwa sababu ndani palikuwa na joto, akauliza shida iko wapi. Nikamjibu bila kumeza mate, "Ankoro. Ile foni haitengenezeki."

"Una hakika, muzee?"

"Nina hakika."

Patroni hakuwa mtu wa maneno. Akasema mashua ya mahindi itakapoondoka Ankoro, foni ipakiwe humo, ishushwe mtoni hadi kwenye reli, iletwe Kalemie kwa treni, iuzwe kama vipuri. Kituo cha Ankoro kifungwe. Watu wa kule wangetafuta njia nyingine.

Njia nyingine haikuwepo, na nilijua. Pale Ankoro foni ya patroni haikuwa ya mahindi tu. Ukimaliza habari ya magunia, unafuata msururu wa watu: huyu anamjulisha kaka yake Manono kwamba mama amejifungua salama, yule anauliza kama mwanawe aliyekimbilia Nyunzu wakati wa vita ameonekana. Patroni alifumba macho, akasema ni sadaka. Na yule mama aliishi kwa kazi hiyo, akasomesha wajukuu. Yote hayo nilijua nilipomtangazia habari hewani, Nyunzu na Manono wakisikiliza.

Bata akajibu, polepole, "Papa, mbele ya Mungu, foni yangu haitembei."

Nami nikasema neno ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu linanifanya nitikise kichwa kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilimwambia, "Mama, uongo haufai kwa mtu wa kwaya."

Siku ya mashua ikafika. Tulipatana kwamba atasikiliza asubuhi kwa habari za mwisho, na tena mchana, kabla hajakunja antena, kwa sababu mashua ingeondoka baada ya soko. Asubuhi hiyo upepo wa ziwa ulikuwa mkali, milango ya chuma ilikuwa inalia. Nilivaa koti na kofia ya sufu. Nikaita, bata akaitika. Sikuelewa hata neno moja katika matatu.

Mke wangu akaingia na chakula. Kwa baridi ile alikuwa ameamua tule asubuhi bukari, yaani ugali, na sombe ya jana, mboga ya majani ya muhogo. Meza ilijaa betri na waya, hapakuwa na pa kuweka kitu. Akaangalia huku na huku, akaiweka sufuria ya bukari, moto kutoka jikoni, juu ya mgongo wa foni.

"Mama! Hiyo ni mashini!"

"Ni meza iliyo na sauti," akasema. "Ngoja nitoe hizi waya."

Alipokuwa anazitoa waya, na mimi nanawa mikono huku nikilalamika, bata wa Ankoro alianza kubadilika. Nilisikia kwa masikio yangu. Alishuka kama mtu anayeteremka ngazi, akawa mwanamke mwenye mafua, akawa mwanamke mzima, halafu akasema wazi kabisa, kama yuko mlangoni pamoja na ndagala: "... na betri nitaifunga katika gunia, na funguo nitamwachia katekista. Papa, munanisikia?"

Nilitazama foni. Mke wangu akaondoa sufuria, akaiweka mezani, akafunua mvuke. "Tule," akasema.

Tukala. Nilikuwa bado kwenye tonge la tatu au la nne, yule mama akaanza kupanda tena ngazi. Akawa na mafua. Akawa bata. Nikaacha kutafuna. Nikanyanyuka, nikaichukua sufuria kwa mikono yenye sombe, nikairudisha juu ya foni. Tukasubiri. Bata akateremka.

Mke wangu alikuwa ananitazama. Hakusoma umeme, lakini haikuhitaji shule.

"Kumbe ni yako," akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilikishika kipaza sauti palepale. Sikukishika. Yule mama alikuwa wazi, anasikika, anasubiri, na mimi nikamaliza chakula changu. Nilijiambia kwamba lazima kwanza nihakikishe, halafu lazima nifikiri, halafu lazima nimwone patroni. Ukweli ni kwamba Nyunzu na Manono walikuwa wanasikiliza. Nikazima foni, nikatoka kwenda kutembea gatini.

"Utasema saa ngapi?" mke wangu akauliza nilipopita.

"Nafikiri."

"Fikiri mbio. Mashua haifikiri."

Nilizunguka bandari yote. Nilisalimia watu ambao sikuwa nimewasalimia mwaka mzima. Mwishowe miguu ilinipeleka bohari, nikamkuta patroni anahesabu madumu ya mawese, nikamweleza: tanuru, kontena, jiwe, bukari. Aliposikia bukari aliacha kuhesabu.

"Kwa hiyo Ankoro ni mzima."

"Ni mzima. Mgonjwa ni mimi."

"Basi mwambie asipakie," akasema. "Njo wewe uko na foni, si mimi. Unanitazama nini?"

Nilikimbia, kadiri mzee anavyokimbia. Lakini nilikuwa nimepoteza asubuhi yote kwa kusalimia watu, na sasa jua lilikuwa juu ya kontena. Nilipofungua mlango, joto lilinisukuma kifuani. Nikawasha foni, nikaita Ankoro. Akaitika kutoka ndani ya pipa, sauti nene, imefunikwa, haina maneno. Nikapiga kelele: usipakie, usipakie! Kwake bila shaka nilikuwa ng'ombe analia kisimani. Akasema kitu kirefu. Katika kitu hicho nilidhani nasikia "kwaheri."

"Mama!" nikaita. "Leta maji ya ziwa!"

Mke wangu hakuuliza. Alileta ndoo, akavua kitenge cha juu, akakichovya, akakikamua vizuri sana kwa sababu nilimwambia tone moja likiingia ndani tumekwisha. Akakitandaza juu ya mgongo wa foni. Kikatoa mvuke kama pasi. Akakichovya tena. Mimi nikashika ungo wake wa ndagala nikapepea, na harufu ikajaa kontena lote. Wapagazi wawili waliopita walisimama mlangoni.

"Foni iko na homa?" mmoja akauliza.

"Malaria," mke wangu akajibu bila kugeuka. "Lete ndoo ingine."

Akaleta. Tukachovya, tukapepea. Pipa la Ankoro likaanza kufunguka. Likawa mtungi, likawa bakuli, na kutoka katika bakuli nikasikia yule mama, kipaza sauti bado mkononi, akimwambia mtu wa kule, "Kamata upande huo, polepole, isianguke."

"Ankoro, Ankoro, hapa Kalemie! Weka chini! Usipakie! Zamu yako!"

Nikazidi kupepea.

"Kalemie, hapa Ankoro," akasema. "Mulisema?"

"Usipakie foni. Haina ubovu. Ubovu ni wa kwangu. Nilitoa tanuru ya kristali, nikaingia ndani ya kontena, jiwe langu linapanda na jua na kushuka na baridi. Wewe hukutembea hata siku moja. Mimi njo nilikuwa natembea. Na lile neno la uongo, naomba uniachilie. Zamu yako."

Mke wangu akabadilisha kitenge.

"Papa," yule mama akasema, na sasa sauti ilikuwa nzuri kabisa, sauti ya mtu anayejua kushika noti, "rudia. Nazani Manono hakusikia vizuri."

Nikarudia yote, tangu tanuru.

"Manono nimesikia," Manono akasema kwa heshima.

"Na Nyunzu?" akauliza mama wa Ankoro. "Nazani pale Nyunzu kuko kelele ya treni."

Nikarudia kwa ajili ya Nyunzu, ingawa siku hiyo Nyunzu hapakuwa na treni, na wote tulijua. Wapagazi mlangoni walikuwa wanafurahi kupita kiasi. Nilipomaliza, kijana wa Nyunzu akakohoa.

"Papa, samahani. Sie tulijua."

"Mulijua nini?"

"Kama unatembea. Asubuhi nazungusha kifungo kushoto, muchana nazungusha kulia. Na Manono vilevile. Tulikuwa tunakufwata tu, kama vifaranga."

"Na hamukusema?"

"Eh, Papa! Wewe njo muzee wetu. Muntu anaambia baba yake kama anapotea njia? Anafwata nyuma."

Mama wa Ankoro akacheka. Alicheka hewani mpaka kicheko chake kikaanza kuingia tena ndani ya pipa, kwa sababu mke wangu naye alikuwa anacheka na ameacha kuchovya kitenge.

Foni haikupakiwa. Mashua iliondoka na mahindi peke yake. Kabla ya mwisho wa juma nilirudi katika chumba cha matofali nyuma ya bohari, nikaunganisha tena tanuru dogo, na patroni akatoa betri ya pili huku akisema kwamba bukari ingekuwa rahisi zaidi. Kurekebisha skrubu sikufanya peke yangu tena. Nilimwomba mama wa Ankoro aimbe, naye akaimba ubeti wa kwaya, taratibu, nami nikageuza skrubu kidogo kidogo hadi akawa ni yeye. Kwa hiyo tangu siku hiyo kituo mama kinafuata Ankoro, ingawa jina hatukubadilisha. Kwa Nyunzu na Manono niliweka amri moja ya mwisho ya gavana: anayesikia nimepinda aseme palepale. Hawajaizoea. Nyunzu bado ananiambia "Papa, samahani, labda ni masikio yangu," na hapo najua nikakague betri.

Lile neno juu ya mtu wa kwaya lilisemwa hewani, na kitu kilichosemwa hewani hakina mahali pa kwenda kukichukua. Yeye alisema ameliachilia. Naamini, kwa sababu alikuja Kalemie kwenye ndoa ya mjukuu wake, akateremka kwenye treni na kapu la samaki wa kukaushwa wa mto Luvua, na kabla ya kuketi alimwomba mke wangu amwonyeshe ile sufuria. Aliizungusha mikononi, akatazama chini yake, akagonga kidole ukingoni, akasikiliza.

"Iko juu kidogo," akasema, na wanawake hao wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi sasa nafanya kazi ya asubuhi tu, macho yananisumbua. Lakini kila siku, kabla ya habari ya magunia na kabla ya salamu, Ankoro anaanza vilevile.

"Kalemie, hapa Ankoro. Papa, bukari iko juu ao chini?"

"Iko mezani, Mama," najibu. "Tunakula."

"Basi munasikika," anasema. "Tuanze."